Sare iliyozeesha manowari za mbao: jibu kwa mwalimu wa historia

Swali: "Nafundisha historia sekondari. Kitabu kimoja kinasema tarehe 9 Machi 1862 manowari mbili za chuma zilipigana kwa muda wa saa nne kule Marekani, hakuna iliyozama, na kuanzia siku hiyo manowari zote za mbao duniani hazikuwa na kazi tena. Wanafunzi wameniuliza: pambano la sare linabadilishaje vita? Na kama chuma kilishinda, mbona manowari za leo hazivai mabamba mazito? Pia wangependa kujua kama kuna meli yoyote ya aina hiyo iliyobaki."

Jibu:

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza vizuri kuliko kitabu kilivyoeleza. Kosa la kwanza la kitabu ni tarehe. Ukitaka kuwaonyesha mbao zikishindwa, waanzishie tarehe 8 Machi, siku moja kabla ya ile sare.

Mahali ni Hampton Roads, kwenye pwani ya Virginia, mto James unapoingia katika ghuba ya Chesapeake. Ilikuwa vita ya wenyewe kwa wenyewe, na manowari za Kaskazini zilikuwa zimeziba bandari za Kusini pamba isitoke, silaha zisiingie. Kusini hakukuwa na viwanda vya kutosha kuunda jeshi la majini la kushindana na hilo. Walichokuwa nacho ni gofu la Merrimack, meli ya mvuke ambayo Kaskazini waliichoma na kuizamisha walipoikimbia bandari ya Norfolk mwaka 1861. Wakaiopoa. Juu ya mwili wake wakajenga boma lenye kuta za kulalia, mbao za mwaloni na msonobari zenye unene wa kama sentimita 60, kisha wakazivika mabamba ya chuma tabaka mbili, jumla sentimita 10. Wakaiita Virginia. Mashine zake zilikuwa mbovu tangu enzi za wenyewe wa kwanza, na kugeuka tu iliichukua karibu nusu saa.

Mchana wa tarehe 8 kigogo hicho kikatoka mtoni kikiwaendea Cumberland na Congress, meli mbili za mbao na matanga. Zote mbili zilikipiga mizinga kwa karibu, risasi zikawa zinadunda. Virginia ikaigonga Cumberland ubavuni kwa mdomo wa chuma uliofungwa omo, yaani mbele ya meli, chini ya mstari wa maji, na Cumberland ikazama huku mizinga yake ikiendelea kulia. Mdomo wenyewe ulikatikia humo ndani. Congress ilisalimu amri, ikachomwa kwa risasi zilizopashwa moto tanuruni, na usiku ghala lake la baruti likalipuka. Jioni ile Kaskazini walikuwa wamepoteza wanamaji zaidi ya 200. Virginia ilipoteza wawili. Meli ya tatu, Minnesota, ilikuwa imekwama kwenye fungu la mchanga. Kilichoiokoa ni giza na maji kupwa.

Kwa hiyo kama ni siku ya mbao kushindwa, ni hiyo. Tarehe 9 ilijibu swali jingine: chuma kikikutana na chuma, inakuwaje?

Usiku wa kuamkia tarehe 9 ilikuwa imefika Monitor, meli ya Kaskazini, kutoka New York, kazi ya mhandisi Mswidi, John Ericsson. Ilikuwa kitu cha kuchekesha kukitazama: sitaha iliyolala karibu sawa na maji, na katikati yake mnara wa duara wenye upana wa mita 6, kama sufuria iliyofunikiwa juu ya sinia. Ndani ya mnara mlikuwa na mizinga miwili tu, ya kipenyo cha sentimita 28. Lakini mnara ulizunguka kwa mvuke, kwa hiyo nahodha hakuhitaji kuigeuza meli nzima ili kulenga. Ukuta wake ulikuwa mabamba 8 yaliyopangwa pamoja, yote sentimita 20.

Zilipigana takriban saa nne, nyakati fulani zikigusana, na kweli hakuna iliyotoboa nyingine. Ila waeleze wanafunzi sababu, maana vitabu vingi huziruka. Wapiga mizinga wa Monitor walikuwa wamekatazwa kutia zaidi ya ratili 15 za baruti kwa kila mpigo, kwa hofu kwamba mzinga ungepasuka ndani ya mnara. Baadaye ilijulikana kwamba mizinga ile ingestahimili mara mbili yake. Virginia nayo ilikuwa imepakia zaidi makombora ya kulipuka, mazuri kwa kuwasha mbao, si risasi ngumu za kuvunja chuma, kwa sababu ilitoka ikitarajia kukutana na mbao. Sare ile ilitokana na amri ya ofisini na upakiaji wa risasi kadiri ilivyotokana na unene wa mabamba.

Kosa la pili la kitabu ni kudhani kwamba Marekani ndiko mambo yalikoanzia. Mbao zilikuwa zimeshahukumiwa Ulaya. Mfaransa Paixhans alikuwa ameunda mzinga wa kurusha makombora ya kulipuka kwa njia iliyonyooka tangu miaka ya 1820, na mwezi Novemba 1853, katika bandari ya Sinope, Warusi wa Admirali Nakhimov waliteketeza karibu kikosi kizima cha Waturuki kwa makombora ya namna hiyo. Risasi gumba ya chuma, isiyolipuka, ikitoboa ubavu wa mbao, seremala wa meli huziba tundu. Kombora likipasukia ndani ya mbao hakuna seremala atakayesaidia. Miaka miwili baadaye, tarehe 17 Oktoba 1855, Wafaransa walisogeza matishari matatu yaliyovikwa mabamba mbele ya ngome ya Kirusi ya Kinburn: Dévastation, Lave na Tonnante. Yalipigwa makumi ya risasi yakabaki mazima. Waliokufa humo waliuawa na risasi zilizopenya kwenye madirisha ya mizinga, si ukutani.

Basi Ufaransa ikaunda Gloire, iliyoshushwa majini mwaka 1859: mwili wa mbao, ngozi ya chuma. Uingereza ikajibu kwa Warrior, iliyoshushwa Desemba 1860, na hiyo mwili wenyewe ulikuwa wa chuma. Urefu wake ulikuwa mita 128, mwendo noti 14, na sehemu ya katikati ilikingwa kwa bamba la milimita 114 lililoegemezwa mbao za msaji zenye unene wa sentimita 46. Ndiyo sababu habari za Hampton Roads zilipofika London, gazeti la The Times liliandika kwamba kati ya manowari 149 za daraja la kwanza za Uingereza zilibaki mbili zinazofaa, Warrior na mwenzake. Ilikuwa kelele ya gazeti. Watu wa jeshi la majini wenyewe walikuwa wanalijua hilo tayari, na viwanda vyao vilikuwa vimeshaanza kazi. Hampton Roads iliwathibitishia wananchi na wabunge waliokuwa na funguo za hazina.

Hapa kwetu mabadiliko hayo yana kumbukumbu moja inayosahaulika. HMS London, meli kubwa ya mbao yenye mizinga 90, ilipigana na ngome za Sevastopol mwaka 1854 ikaumia vibaya. Miaka 20 baadaye, kikosi cha kwanza cha vita kikiwa ni cha chuma, iliwekwa bandarini Zanzibar kuwa kituo cha mashua za Waingereza zilizowinda majahazi ya watumwa, ikakaa hapo mpaka mwaka 1883. Wazee wetu waliiona kama alama ya nguvu za Uingereza. Kwa jeshi lake ilikuwa mzee aliyepangiwa kazi ya mlinzi.

Sasa nifike kwenye kiini, kwa sababu hapa ndipo sare ya wanafunzi wako inapopata maana. Watu wa meli waliona risasi zikidunda kwa saa nne. Wakajiuliza: kama hatuwezi kumtoboa juu ya maji, tumfuate chini ya maji? Miaka 50 iliyofuata ya vita vya baharini, kwa maoni yangu, ni kutafuta jibu la swali hilo. Jibu la kwanza lilikuwa kugonga kwa omo. Jibu la pili lilikuwa bomu la kutegwa, na mdogo wake, topedo. La kwanza lilipendwa sana likawa upuuzi. La pili lilidharauliwa likaja kuiua deraya yenyewe, yaani kinga ya mabamba.

Kugonga kulipata sifa zake Lissa, kisiwa cha Adriatiki ambacho leo ni Vis, Kroatia. Tarehe 20 Julai 1866 Admirali Tegetthoff wa Austria, mwenye manowari 7 za deraya, alipambana na Persano wa Italia mwenye 12. Mizinga ya Tegetthoff ilikuwa dhaifu, kwa hiyo aliwaamuru manahodha wake waingie moja kwa moja katikati ya mstari wa Waitalia na kugonga. Moshi ukafunika kila kitu. Meli yake, Ferdinand Max, iligonga hili na lile bila mafanikio, mpaka ikaikuta Re d'Italia imesimama, usukani wake umeharibika, haiwezi kukwepa. Iliichoma ubavu, ikarudi nyuma, na kwa dakika mbili tatu Re d'Italia ilikuwa imezama na watu kama 400. Persano mwenyewe alikuwa ametoka humo muda mfupi kabla ya pambano na kuhamia meli nyingine, jambo ambalo halikumsaidia mahakamani.

Somo sahihi la Lissa lilikuwa kwamba meli iliyosimama hugongwa. Somo lililochukuliwa ni kwamba kila manowari iwe na mdomo wa chuma. Kwa miaka 40 meli ziliundwa na omo lililojitokeza mbele chini ya maji, na hata Dreadnought ya mwaka 1906 ina umbo hilo. Midomo hiyo iliua, ndiyo, ila zaidi iliua wenzao. Mwaka 1875 Iron Duke ya Uingereza iliizamisha Vanguard, meli ya kikosi chake, katika ukungu wa pwani ya Ireland. Mwaka 1878 Wajerumani walipoteza Grosser Kurfürst kwa namna hiyohiyo, watu zaidi ya 250. Na tarehe 22 Juni 1893, mchana kweupe, bahari shwari, karibu na Tripoli ya Lebanon, Admirali Tryon wa Uingereza aliamuru mistari miwili ya meli zake igeuke kuelekeana. Nafasi haikutosha, na manaibu wake waliliona hilo. Camperdown ikaigonga Victoria kwa mdomo wake, wakafa watu 358, Tryon akiwa mmoja wao. Ukitaka mfano wa kufundishia nidhamu inayogeuka kuwa maradhi, chukua huu.

Bomu la kutegwa halikusubiri. Tarehe 12 Desemba 1862, miezi 9 tu baada ya Hampton Roads, meli ya deraya ya Kaskazini iitwayo Cairo ilipita juu ya mabomu yaliyotegwa katika mto Yazoo, Mississippi, ikazama kwa dakika chache. Mabamba yake hayakuguswa. Mwezi Agosti 1864, kwenye ghuba ya Mobile, Tecumseh, ndugu mkubwa wa Monitor mwenye chuma kinene zaidi, ilikanyaga bomu ikatoweka na watu zaidi ya 90. Vilikuwa vyombo vya bei ndogo, vikiwa mapipa au chupa kubwa za baruti, vinamaliza kazi ambayo mizinga mikubwa iliishindwa. Halafu kuanzia mwaka 1866 Mwingereza Robert Whitehead, akifanya kazi Fiume, alilitia bomu hilo injini likajiendesha lenyewe: ndiyo topedo.

Chuma, kwa upande wake, kilijitahidi. Mizinga ilipokua, mabamba yalinenepa, na mizinga ikakua tena. Inflexible ya Uingereza, iliyoingia kazini mwaka 1881, ilikuwa na kinga ya milimita 610 za chuma, mara tano ya Warrior, na mizinga ya tani 80 iliyohitaji dakika kadhaa kwa kila mpigo. Uzito huo uliwezekana kwa sehemu ya katikati peke yake. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ziliachwa karibu uchi. Kati ya meli hizo mbili kuna miaka 20, na katikati yake wahandisi walijaribu kila jambo, mengine kwa gharama ya maisha ya watu. HMS Captain ilichanganya minara mizito, sitaha ya chini karibu na maji, na milingoti mirefu ya matanga. Msanifu mkuu wa jeshi, Edward Reed, aliikosoa. Magazeti na wabunge wakamuunga mkono mbuni wake, Cowper Coles. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870, karibu na Finisterre ya Hispania, upepo uliipindua wakafa watu 480 hivi, Coles akiwa ndani. Baada ya hapo hoja ya kuachana na matanga haikuhitaji mtetezi.

Mizinga nayo ilikuja kutoboa, tofauti na Hampton Roads. Tarehe 8 Oktoba 1879, mbele ya rasi ya Angamos, meli za Chile ziliinasa Huáscar ya Peru. Kombora lilipiga kibanda cha amri likamuua Admirali Miguel Grau, mtu ambaye hata maadui zake walimheshimu kwa kuokoa mabaharia wa meli alizozizamisha. Wafua chuma wakajibu kwa chuma cha pua kilichofanywa kigumu usoni, na kufikia mwisho wa karne bamba la sentimita 15 la Krupp, kampuni ya Ujerumani, lilikinga kuliko sentimita 30 za chuma cha akina Warrior. Hayo yalimaanisha pia kwamba manowari haikuwa tena kazi ya mafundi seremala wenye msitu karibu. Aliyetaka kuwa na nguvu baharini alihitaji tanuru, mitambo ya kufinyanga mabamba, makaa ya mawe, na fedha za kutupa meli ya miaka 10 na kuanza upya. Asiyekuwa navyo alinunua, kama Peru ilivyoinunua Huáscar Birkenhead, Uingereza.

Pambano linaloonyesha yote kwa pamoja ni la Uchina na Japani. Tarehe 17 Septemba 1894, kwenye mlango wa mto Yalu, manowari mbili za Kichina zilizoundwa Ujerumani, Dingyuan na Zhenyuan, zilipigwa makombora mengi mno. Sitaha zikaungua, watu wakafa, lakini mabamba mazito hayakutobolewa na meli zikarudi bandarini kwa nguvu zake. Chuma kilifanya kilichoahidi. Miezi mitano baadaye, Februari 1895, mashua ndogo za Kijapani zilinyemelea usiku ndani ya bandari ya Weihaiwei zikaitia Dingyuan topedo moja. Ilibidi ipandishwe fungu isizame, na haikupigana tena baharini. Miaka 9 baadaye Wajapani wenyewe walipoteza manowari mbili kubwa, Hatsuse na Yashima, kwa mabomu ya kutegwa ya Kirusi katika siku moja, tarehe 15 Mei 1904.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Deraya haikuachwa kwa sababu ilikuwa mbaya. Iliendelea kuwa muhimu kwa muda wote ambao tishio kubwa lilikuwa mzinga wa meli nyingine. Likiongezeka tishio la chini, unaongeza kinga chini, meli inakuwa nzito zaidi. Halafu likaja la juu: ndege. Mfano wetu wa Rufiji unatosha. Mwaka 1914 meli ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus bandarini Zanzibar mwezi Septemba, ilijificha ndani ya mikoko ya delta, ambako manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa kina kidogo cha maji. Waingereza wakaleta Severn na Mersey, meli za kina kifupi za aina ileile iliyorithi jina la Monitor ya Ericsson. Tarehe 6 Julai 1915 zilipiga zikashindwa. Tarehe 11 Julai zikaimaliza. Wapiga mizinga hawakuiona shabaha yao kwa macho. Ndege iliyoruka kutoka kisiwa cha Mafia ndiyo iliyowaelekeza kila kombora lilipoangukia.

Ndege ilipokua na kubeba mabomu na topedo zake yenyewe, hesabu ilikwisha. Tarehe 7 Aprili 1945 Yamato ya Japani, yenye mkanda wa deraya wa milimita 410, ilizamishwa na ndege za Marekani bila kuiona meli iliyozirusha. Manowari ya leo huona na kupiga kwa rada na antena, na vitu hivyo huwezi kuvifunika kwa chuma vikafanya kazi. Ikipofushwa, imekwisha kama silaha hata kama mwili ni mzima. Kwa hiyo uzito uliokuwa wa mabamba umehamia kwenye vyombo vya kugundua kombora na kuliangusha kabla halijafika. Kinga ndogo imebaki, hasa kuzunguka maghala ya silaha na vyumba vya mashine.

Kuhusu zilizobaki: Warrior iko Portsmouth, Uingereza, imekarabatiwa vizuri. Haikuwahi kupiga risasi vitani, na kwa miaka 50 ilitumika kama gati la kupakulia mafuta Wales kabla ya mtu kukumbuka kwamba ina thamani. Huáscar inaelea Talcahuano, Chile. Cairo iliopolewa matopeni miaka ya 1960, mabaki yake yako Vicksburg. Virginia ililipuliwa na mabaharia wake mwezi Mei 1862 isitekwe, na Monitor ilizama kwa dhoruba mkesha wa mwaka mpya wa 1863. Mnara wake ulitolewa baharini mwaka 2002 na uko katika makumbusho ya Newport News, Virginia. Wanafunzi wako wakipata safari ya Mombasa, waambie ndani ya Fort Jesus kuna mzinga wa Königsberg na mwingine wa Pegasus.